Kuwahesabu chui wa theluji milimani

Swali: Wenzangu, naomba msaada. Mtafiti atawahesabuje chui wa theluji kwenye miteremko mikali bila kumhesabu mnyama mmoja mara mbili?

Jibu la kwanza: Madoa ya kila chui ni ya pekee kama alama za vidole, kwa hiyo kamera zinazotegwa kando ya miamba wanayoinyunyizia mkojo humtambulisha kila mmoja. Hata hivyo, madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Tega kamera mbili zitazamane, la sivyo chui mmoja atakuwa wawili katika hesabu yako, na hilo ni kosa zito.

Jibu la pili: Naongezea kinyesi, kwani vinasaba vyake humtambulisha mnyama na jinsia yake. Kila kipande kihifadhiwe peke yake, kikiwa kikavu. Kinyesi cha mbweha huwadanganya hata wazoefu.