Avatar ya Aang inarudi kwenye filamu, nyie safari hii mnategemea nini?

binti_wa_kihonda
Habari zenu wadau. Naomba tuliongee hili maana hamu ninayo na wasiwasi ninao. Sisi tuliokua na Avatar: The Last Airbender, ile katuni ya Nickelodeon ya 2005 mpaka 2008, ya dunia yenye mataifa manne, maji, udongo, moto na hewa, ambapo wapo watu wanaoviendesha vitu hivyo kwa miili yao na Avatar, yaani yule mtoto Aang, ndiye anayeviweza vyote vinne, nadhani mshasikia kuna filamu ya katuni inayomhusu Aang na wenzake wakiwa watu wazima. Na wenye hadithi yao, DiMartino na Konietzko, safari hii wamo, kupitia Avatar Studios, halafu anayeiongoza ni Lauren Montgomery ambaye alifanya kazi kwenye The Legend of Korra. Ukiangalia majina tu unasema hapa tuko salama.

Ila ile filamu ya 2010 ya waigizaji halisi, ya M. Night Shyamalan, bado inaniuma jamani. Nilikuwa nimeisubiri kama sikukuu, tukakaa ndugu wote sebuleni, ile inafika katikati wadogo zangu washaanza kuondoka mmoja mmoja na mimi nimebaki naitetea, nawaambia subirini itachanganya, haikuchanganya. Sasa mwanangu ana miaka tisa, kaanza Kitabu cha kwanza, yaani msimu wa kwanza wa katuni, juzi na kashampenda Appa, yule nyati wa Aang anayeruka, kufa. Nauliza kwa moyo kabisa, nyie mnataka filamu ya Avatar iwe na nini ili mseme hii ndiyo yenyewe? Ifanane na katuni kila kitu, au kuna vitu vichache tu ambavyo visiguswe? Na huyu mtoto nimuoneshe hizo nyingine au nimuache na katuni yake?

kijana_kisauni
Dada umegusa penyewe. Wengi watakwambia shida ya ile ya 2010 ni majina, kwamba Aang wamemuita "Ong", au ni waigizaji, na kweli lile la waigizaji lilikuwa kosa kubwa, hadithi imejengwa juu ya watu wa Asia na wa kule kwenye barafu halafu Katara na kaka yake Sokka, wale wenzake Aang, wanakuwa Wazungu na taifa la moto ndio linajazwa watu wenye asili ya India. Hilo liliwakasirisha watu kabla hata haijatoka. Lakini kwangu mie shida kubwa ni muda. Kitabu cha kwanza kina sehemu 20, kila moja kama dakika 23 hivi, piga hesabu hapo ni zaidi ya saa saba, Shyamalan kazibana kwenye filamu isiyofika hata saa mbili. Sasa ukibana hivyo kinachotoka kwanza ni nini? Si vita, vita wanaviacha maana ndio vya trela. Kinachotoka ni zile dakika watu wamekaa tu, Sokka analalamika njaa, Aang anacheza, wanagombana kwa kitu kidogo wanapatana. Tulivyowapenda ni kwa hizo.

Na ukitaka kuona mtu hakuielewa katuni, angalia gereza la watu wa udongo, wale wanaoendesha mawe na mchanga. Kwenye katuni wamefungwa baharini, juu ya jukwaa la chuma, hakuna hata punje ya mchanga, ndio maana wamekata tamaa, na Aang na wenzake wanapata akili ya kuwapandishia makaa ya mawe kupitia matundu ya hewa. Hapo unaona ujanja na unaona watu wanarudishiwa heshima yao. Kwenye filamu wamefungwa ardhini! Udongo kila mahali, milima hiyo hapo, na wamekaa kimya mpaka mtoto aje awaambie jamani mmekanyaga udongo. Halafu wanaume sita wanapiga miguu na kuzungusha mikono kwa pamoja, matokeo yake jiwe moja linaelea polepole. Naikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo jibu langu, sitaki ifanane kila kitu. Nataka wawape watu muda wa kukaa pamoja.

sensei_mwz
Nakubaliana na kijana wa Kisauni ila niongeze upande wangu, mimi nafundisha karate watoto hapa Mwanza na nusu ya walioanza zamani waliletwa na Avatar, sio na filamu za kina Bruce Lee kama sisi. Kwenye katuni kila taifa lina mchezo wake wa mapigano wa kweli, wa Kichina, maji ni Tai Chi, udongo ni Hung Gar, moto ni Shaolin ya kaskazini, hewa ni Bagua, na walikuwa na mwalimu kabisa, Sifu Kisu, anawaonesha wachoraji miguu inakaaje. Ndio maana ukimtazama Aang hasimami sehemu moja, anazunguka, anakwepa, maana Bagua ni kutembea kwa duara, na hiyo ndiyo tabia yake pia, mtoto anayekwepa mambo. Toph, yule binti kipofu wa udongo, akaja na mtindo wake peke yake, Mantis ya kusini, miguu iko chini imegandia ardhi kwa sababu haoni, anasikia kwa nyayo. Mtu hajafungua mdomo na ushamjua.

2010 walimchukua Noah Ringer ambaye taekwondo anaijua kweli, sina neno na kijana, lakini kilichokufa ni uhusiano wa mwili na kitu chenyewe. Anacheza sekunde kumi ndio upepo uje. Mkono na maji viende pamoja, ukivitenganisha inakuwa ngoma tu. Na watu wa moto wakawa hawawezi kutoa moto wenyewe mpaka kuwe na mwenge jirani, sasa tishio la lile taifa liko wapi, si unamzimia tu mwenge?

Filamu mpya kwa kuwa ni katuni nina imani kubwa hapo. Nitaangalia miguu kwanza.

MamaNuru
Mimi nitakuwa tofauti kidogo mnivumilie. Naona sisi mashabiki nasi tunakaza sana. Ile tamthilia ya Netflix ya waigizaji halisi ya Februari 2024, sehemu nane, ilisemwa vibaya hata na watu ambao hawajaimaliza, na mimi nimeiangalia yote na kuna vitu vilinigusa. Mfano mazishi ya Lu Ten, mtoto wa Iroh, yule mzee wa taifa la moto anayemlea Zuko, mwana wa mfalme aliyefukuzwa na baba yake. Kwenye katuni hatukuwahi kuyaona, tulichoona ni Iroh peke yake kilimani kwenye mji wa Ba Sing Se ameweka picha ya mwanawe, ametandika kitambaa, anaimba ule wimbo wa majani huku sauti inakatika. Ile sehemu walimwekea Mako heshima zake mwishoni, aliyekuwa sauti ya Iroh, alifariki 2006, na mimi kila nikiiona nalia, sifichi. Sasa Netflix wakaenda nyuma, wakaonesha siku ya mazishi, watu wanapita wanatoa maneno ya pole ya kawaida tu, halafu Zuko mdogo anakuja anakaa na baba yake mkubwa, na ule wimbo unapigwa bila maneno. Hapo nikaelewa kwa nini yule mzee alimfuata Zuko baharini miaka yote ile. Hawakunakili, waliongeza, na kilichoongezwa kimetoka mle mle kwenye hadithi.

Kwa hiyo binti wa Kihonda mimi natamani hiyo, waniletee kitu ambacho sikukiona lakini nikikiona nasema eeh, ndivyo ingekuwa.

binti_wa_kihonda
MamaNuru mazishi nakupa kabisa, hata mimi yalinitoa machozi. Ila Netflix hao hao walimgusa Aang pale ambapo mimi naona hapaguswi. Kwenye katuni anatoroka. Anasikia watawa wanataka kumtenganisha na Gyatso, mlezi wake, anaandika barua, anapanda Appa usiku wa mvua, na watu wake wote wanauawa yeye hayupo. Anakuja kumwambia Katara pangoni, kwenye ile sehemu ya dhoruba, na wakati huo huo kule melini Iroh anawasimulia mabaharia Zuko alivyochomwa uso na baba yake mzazi. Watoto wawili, kila mmoja na kidonda chake, na dhoruba ni moja. Netflix wakafanya eti katoka kupunga upepo kidogo akili itulie, atarudi. Hapo umeshamwondolea mzigo! Na ile ya 2010 nayo ikaja na sababu yake, kwamba Avatar haruhusiwi kuwa na familia ndio akakimbia, wakati tunajua Aang amekuja kuzaa watoto watatu na Katara.

Sokka vilevile, dharau yake kwa wasichana waliipunguza mno, wakaogopa watu watamchukia. Lakini utamu wa kisiwa cha Kyoshi ni pale anapopiga magoti mbele ya Suki, kiongozi wa wasichana wapiganaji wa pale, anaomba afundishwe, anavalishwa gauni na rangi usoni na anakubali. Kama hakuwa na kosa anajifunza nini pale?

kijana_kisauni
Hapo dada umesema. Wanaogopa kutuonesha mtoto mwenye kosa, na katuni ya watoto haikuogopa. Mie kwenye filamu mpya nitakachomtazamia Aang mkubwa ni hicho, bado ana lile la kutoroka moyoni au washalifuta.

MamaNuru
Kwa la dhoruba umenishinda mwenzangu, nakubali, pale walikosea.

tz_toph
Wakuu mimi wasiwasi wangu ni sauti. Zuko wangu ni Dante Basco wa kwenye katuni, ile sauti ya kukwaruza, na safari hii wamempa Steven Yeun, Aang ni Eric Nam. Waigizaji wazuri sikatai, ila mtu akitoa sauti nyingine kwenye sura ile ile moyo unachelewa kuamini. Nawapa dakika ishirini.

sensei_mwz
@binti_wa_kihonda kuhusu mtoto, muache amalize sehemu zote 61 kwanza, asikatishwe. Ya Netflix muangalie naye baadaye, atakuonesha mwenyewe walipobadilisha, wangu alifanya hivyo na tulibishana vizuri sana. Ya 2010 achana nayo kabisa. Na akifika Kitabu cha pili kwenye ile ya Appa kupotea kaa naye karibu, pale wanalia wote.