Naomba ushauri: nisimulieje historia ya Nicodemus, Kansas?

Habari zenu wana jamvi. Mimi ni Mtanzania, naishi Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Nimeombwa kuwaeleza vijana wetu kanisani, kwa Kiswahili, jinsi mji wa Nicodemus ulivyoanza. Nina dakika kumi na tano tu.

Walioujenga ni Weusi waliotoka utumwani Kentucky. Mwaka 1877 waliambiwa kuna ardhi nzuri huko Kansas karibu na mto Solomon, wakafunga safari. Walikuta nyika tupu, hakuna miti ya kujengea, basi wakachimba ardhini na kuishi humo. Mama mmoja, Willianna Hickman, alifika mwaka 1878, akaonyeshwa moshi unaofuka kutoka ardhini, akaambiwa mji ndio huo. Alilia. Kila nikifika hapo nami koo linanikaba.

Sasa, makao yale niyaiteje? Nikisema mahandaki, vijana watawaza vita. Nikisema tembe, sisi wa Dodoma tutaelewa udongo juu ya paa, lakini tembe yetu haiko chini ya ardhi.

La pili: niishie wapi? Mwaka 1888 reli iliupita mji kando, wenye maduka wakahamia Bogue, ng'ambo ya mto. Nahofia nikiishia hapo watoto wataondoka wamevunjika moyo, ilhali hadi leo wajukuu hurudi kila Julai kusherehekea. Je, nianze na hao wanaorudi, kisha nirudi nyuma kwenye ule moshi? Waliowahi kufundisha vijana, nisaidieni. Ni Jumapili hii.