Traiki ya Rotax 582 kwa anayeanza, Mwanza: uwanja, injini na saa za kuruka

Mkaa_Kiseke

Habari za leo wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaozijua ndege nyepesi, hasa traiki, zile za bawa la kitambaa na magurudumu matatu. Kuna moja inauzwa: viti viwili, injini Rotax 582, saa 240 kwenye kitabu, imekaa stoo chini ya turubai karibu miaka sita. Kitabu chake kinasema inaacha ardhi ndani ya mita 120 ikiwa na watu wawili. Eneo linalopatikana liko upande wa Magu, nyasi fupi, urefu mita 300, mwisho mmoja ziwa, mwisho mwingine mawe na miti michache.

Maswali ni matatu. Mita 300 zinatosha? Injini hiyo ina uhai? Na mtu asiyewahi kurusha chochote aanze na nini, saa ngapi za siku?

Bawa_Laini

Mkuu, nianze na uwanja, kwa sababu hiyo mita 120 imepimwa usawa wa bahari, nyuzi 15, kwenye lami. Huku kwetu hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, na ufukwe mzima hauko mbali na hapo. Kwenye mwinuko huo joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 7.5 hivi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, ongeza futi 120 juu ya mwinuko huo. Asubuhi ya nyuzi 18, bawa na injini vinafanya kazi kama vile viko futi 5,000. Saa 8 mchana nyuzi zikifika 30, ni futi 6,400 na zaidi kidogo.

Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu asilimia 3 kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo zile nguvu za farasi 65 za 582 mchana zinabaki kama 53. Bawa nalo linahitaji mwendo halisi mkubwa zaidi kwa asilimia 10 ili libebe uzito uleule. Ukijumlisha, mbio za kuondoka zidisha kwa 1.5 mchana, na kwa 1.4 asubuhi. Nyasi fupi kavu ongeza asilimia 20. Mita 120 zinakuwa 216 mchana, na hapo magurudumu ndiyo kwanza yanaacha nyasi. Kuvuka miti ya mita 15 kunataka karibu mara mbili ya hizo. Kwa watu wawili mchana, mita 300 hazitoshi. Kwa mtu mmoja asubuhi, kuelekea ziwani, zinatosha, lakini usiseme ni nyingi.

Kitu kimoja kinawadanganya wengi: geji ya rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Hewa nyepesi inapunguza nguvu ya injini, lakini inapunguza pia mzigo wa propela, kwa hiyo geji inaonyesha 6,200 au 6,300 kama kawaida ukiwa umesimama, na mtu anaridhika. Msukumo umepungua, geji haisemi.

Chomeka kibendera katikati ya uwanja. Ukifika hapo hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kuondoka, yaani kilomita 45 kwa saa kama ndege inaondoka kwa 65, funga mafuta, breki. Usisubiri kuona itakuwaje.

Na uzito. Traiki nyingi za aina hiyo tupu zina kilo 200 hivi. Watu wawili wa kilo 80, petroli lita 40 ambazo ni kilo 30, umefika 390. Angalia kibao cha uzito kwenye fremu. Mara nyingi hapo ndipo kikomo kilipo. Begi la chakula tayari ni kosa.

FundiMwaloni

Nijibu la injini. Kitabu cha mtengenezaji kinataka 582 ifunguliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa kila saa 300 au kila miaka 5, kinachotangulia. Hiyo miaka imeshapita. Saa 60 zilizobaki kwenye kitabu hazina maana, ihesabu kama injini ya kufungua na bei uipunguze kwa kiasi hicho.

Kinachoharibika injini ikikaa ni mpira na chuma cha ndani. Sili za krenki hukauka zikaanza kuvuta hewa. Mipira miwili inayoshika kabureta hupasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Ikunje kwa vidole huku unamulika tochi. Paipu za petroli hugeuka ngumu kama mkaa. Kiwambo cha pampu ya petroli, ile inayofanya kazi kwa pumzi ya krenki-kesi, hulegea. Yote haya manne yanaleta ugonjwa mmoja: hewa inazidi petroli, pistoni inapata moto, inanata kwenye silinda. Halafu fungua eksozi, chungulia pistoni kupitia tundu lake. Ukiona mistari ya wima kwenye ubavu wa pistoni, imeshawahi kunata.

582 ina kijitanki kidogo cha oili peke yake, kinacholainisha gia za vali ya kuzunguka. Watu wanakisahau kabisa. Oili yake ikipungua kati ya safari na safari, sili ya ndani imekufa. Usiongeze tu ukaondoka.

Mchanganyiko wa petroli na oili ni 50 kwa 1. Dumu la lita 20, mililita 400. Lita 10, mililita 200. Pima kwa kikombe chenye mistari, si kwa kifuniko cha chupa. Weka petroli lita mbili kwanza, mimina oili yote, tikisa mpaka rangi iwe moja, ndipo ujaze iliyobaki na utikise tena. Ukimimina oili juu ya dumu lililojaa, itakaa chini, na injini itakunywa oili tupu mwanzoni na petroli tupu mwishoni.

Hapa kwetu kuna mtego mkubwa. Kirumba mwaloni kila duka lina oili ya mashine za mitumbwi, chupa zimeandikwa TC-W3. Ni oili nzuri kwa kazi yake, maana mashine ya mtumbwi inapozwa na ziwa zima na haipati joto kali. Kwenye 582 tafuta iliyoandikwa API TC. Ile ya mitumbwi kwenye joto hili inaacha utando kwenye ringi, ringi zinanata kwenye mifereji yake, mgandamizo unapungua. Fundi wa mashine za mitumbwi anaweza kuifungua 582 na kuirudisha vizuri sana, mikono yake inajua injini za mipigo miwili. Ila mwambie mapema asibadilishe oili kwa mazoea.

Mkaa_Kiseke

Shukrani sana wakuu. Fundi, vipi petroli yenyewe? Kuna maneno ya kuchanganywa na mafuta ya taa. Pia jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, zinabadilishwa kwa mwinuko huu?

FundiMwaloni

Petroli: dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, weka kivulini. Petroli safi inakauka bila kuacha alama. Ikibaki doa lenye mafuta, dumu hilo lipeleke kwenye pikipiki ya mtu mwenye roho ngumu, si kwenye ndege. Mafuta ya taa yanashusha okteni, injini inagonga, na mgongano huo unatoboa kichwa cha pistoni. Maji nayo: kinga petroli kwenye chupa ya kioo, iache dakika tano, maji yanakaa chini kama ushanga. Tanki lisilojaa likilala usiku karibu na ziwa, asubuhi lina matone, kwa hiyo kinga kila siku kabla ya kuwasha, si mara moja kwa wiki.

Jeti kuu ya 582 inayokuja nayo ni namba 165. Kabureta zake hazijirekebishi kwa mwinuko kama zile za injini ya Rotax 912, kwa hiyo huku injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. Kitabu cha Rotax kina jedwali la mwinuko na joto. Tumia hilo, shuka hatua moja ndogo, kabureta zote mbili sawasawa. Usishuke kwa kubahatisha, kwa sababu petroli ikizidi inachafua plagi tu, ila ikipungua inayeyusha pistoni. Halafu soma plagi. Ni NGK BR8ES, nafasi milimita 0.4 hadi 0.5. Rangi ya kahawia ni sawa, nyeusi yenye masizi petroli imezidi, nyeupe kama jivu usiruke. Zibadilishe kila saa 25, ni rahisi kuliko kubishana nazo. Joto la eksozi lisipite nyuzi 650.

Kuwasha: dakika mbili kwa rpm 2,000, kisha 2,500 mpaka maji ya rejeta yafike nyuzi 65. Asubuhi ya baridi hii inaweza kuchukua dakika nane. Ukifungua moto wote kabla, pistoni inatanuka upesi, silinda bado imebana, zinashikana. Ugonjwa huohuo unarudi angani: mtu anashuka muda mrefu injini imefungwa kabisa, maji yanapoa, halafu akikaribia ardhi anafungua yote kwa mkupuo. Shuka ukiwa na rpm 3,000 hivi, na ukitaka nguvu ifungue taratibu.

Upepo_wa_Ukerewe

Saa za kuruka. Jua linachomoza hapa kabla kidogo ya saa 1 asubuhi. Mwanafunzi aruke kuanzia hapo hadi saa 3 na nusu, arudi chini. Jioni kuanzia saa 11, na awe ameshatua kabla jua halijazama, maana giza letu haliji polepole.

Sababu ni ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa inapanda, upepo wa ziwani unaingia kuziba nafasi, mara nyingi kuanzia saa 4 au 5, na unakolea saa 8 hadi 10. Ukingo wa upepo huo unapoingia nchi kavu unaweza kuona bendera ya mtumbwi inapepea upande mmoja na moshi wa jikoni umbali wa nusu kilomita unaelekea upande mwingine. Ukitua ukivuka ukingo huo, mwendo wa hewa kwenye bawa unabadilika ghafla ukiwa mita 10 juu. Mawe nayo yanachemka: juu ya yale mawe makubwa ya Mwanza hewa inapanda kwa nguvu, na nyuma yake, upande upepo unakokwenda, inavurugika hadi umbali wa mara kumi ya kimo cha mwamba. Mwamba wa mita 20, kaa mbali mita 200.

Usiku mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ndiyo maana radi kubwa ziko majini usiku na alfajiri. Ukiamka ukaona ukuta mweusi ziwani, usiwashe injini hata kama hapo ulipo kumetulia kama kioo. Upepo wa mbele wa wingu la radi unafika kabla ya mvua.

Wale vijidudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi juu ya maji, kaa mbali nao. Wanaziba chujio la hewa na kupaka miwani usione kitu. Na usipite chini juu ya fukwe zinazoanikwa dagaa: mwewe na kongoti hawatoki pale, na kongoti mmoja anatosha kuvunja propela.

Bawa_Laini

Niongeze hapo kwenye maji, maana kila anayeanza anataka kuvuka ghuba. Daraja la Kigongo–Busisi ni kama kilomita 3, tumia hilo kufanya hesabu. Injini ikizima, chukulia traiki inakwenda mbele mita 6 kwa kila mita 1 inayoshuka. Katikati uko kilomita 1.5 kutoka kila upande, unahitaji mita 250 ukiwa huna upepo. Upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa unaipunguza ile 6 karibu kuwa 3.5. Basi vuka ukiwa mita 450 juu ya maji, na ikizima geuka na upepo. Kumbuka altimita, yaani geji ya mwinuko, iliyowekwa kwa kipimo cha usawa wa bahari inasoma karibu futi 3,720 ukiwa kwenye usawa wa maji yenyewe, kwa hiyo mita 450 ni futi 5,200 kwenye kioo.

Vaa jaketi okozi la kuvuta kamba. Lile linalojaa lenyewe likigusa maji litakubana chini ya bawa, na traiki ikitua majini kwa kawaida inapinduka.

Mafunzo. Uingereza kima cha chini cha leseni kamili ya ndege hizi ni saa 25, kumi kati ya hizo peke yako. Ni kima cha chini tu. Mikono lazima ijifunze kwamba bomba la kuongozea ukilisukuma mbele pua inapanda na mwendo unapungua, ukilivuta mwendo unaongezeka, ukilipeleka kulia ndege inakwenda kushoto. Miguu nayo chini: ukisukuma mguu wa kulia gurudumu linakwenda kushoto. Mwendesha pikipiki ndiye anayehangaika zaidi hapa.

Injini ikizima mara baada ya kuondoka, vuta bomba kwanza, bila kufikiri, halafu ndipo uangalie mbele pa kutua. Chini ya futi 300 usigeuke kurudi uwanjani. Na wakati wa kutua, kwa kuwa hewa ni nyepesi, ardhi itapita haraka kuliko ulivyozoea kuona kwenye video. Wanafunzi wanashtuka wanapunguza mwendo, bawa linaacha kubeba. Fuata geji ya mwendo, usifuate nyasi.

Upepo_wa_Ukerewe

Kabla hujalipa hata shilingi, andika barua TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, uambatanishe namba ya fremu, namba ya injini na makaratasi ya usajili wa awali, uulize kama watakubali kuisajili na wanataka leseni gani kwa rubani. Majibu yawe ya maandishi. Eneo la uwanja wa Mwanza linaongozwa na mnara, hakuna kuingia bila redio na ruhusa.

FundiMwaloni

Na ukienda kuikagua, anza na bolti inayoning'iniza traiki kwenye bawa. Itoe kabisa, ifute, izungushe juu ya kioo: ikicheza imepinda. Nati yake ya kujifunga ikitolewa inawekwa mpya. Maji yetu hayana chumvi, kutu si kama ya Dar, lakini tundu la bolti hulegea popote. Kisha kucha ya kidole kwenye mshono wa kitambaa juu ya bawa, pale jua linapopiga. Uzi ukikatika kwa kucha, bawa limekwisha, hata kama injini inanguruma vizuri.