Maji ya bwawa la Glen Canyon yakishuka, trauti wa Lees Ferry wanaponaje?

Wanjiru_Flagstaff

Habari zenu wapendwa. Naishi Flagstaff, Arizona, na nikipata nafasi huenda kuvua trauti Lees Ferry, kilomita kama 25 chini ya bwawa la Glen Canyon, mto Colorado. Asubuhi moja mwezi wa Machi nilikuta maji yamerudi nyuma na changarawe iko wazi. Nilipochokora kokoto kwa kidole nikaona mayai ya samaki, rangi ya machungwa, mengine yameshageuka meupe. Baadaye siku hiyo hiyo maji yakapanda tena hadi magotini. Kama bwawa linaua mayai hivi, mbona samaki bado wapo? Iliniuma sana kuyaona.

Babu_Kijito

Wanjiru mwanangu, hayo meupe yameshakufa. Ya rangi ya machungwa yanaweza kuvumilia saa kadhaa nje ya maji, ilmradi changarawe ibaki na unyevu na jua lisiwe kali. Kifaranga aliyekwisha kuanguliwa hana uvumilivu huo.

Nimefanya kazi ya samaki maisha yangu yote na mto huo naufuatilia. Bila bwawa, trauti hao wasingekuwepo hapo. Kabla ya milango kufungwa mwaka 1963, Colorado ulijaa tope, baridi yake ya kuganda wakati wa kipupwe na vuguvugu kabisa kiangazi. Ukuta ukazuia tope, na maji yakawa yanatoka kilindini mwa Ziwa Powell, lile lililojaa nyuma ya ukuta, masafi, ya nyuzi 8 hadi 12 kwa miaka mingi. Trauti wakapandwa mwaka 1964, wakashamiri. Kinachowasumbua ni kupanda na kushuka kwa kila siku. Umeme ukihitajika mitambo inafunguliwa, watu wakilala inapunguzwa. Tangu miaka ya 1990 kuna kikomo cha tofauti hiyo, na kasi ya kushusha maji imebanwa kuliko ya kupandisha. Ni vyema hivyo, kwa sababu maji yakikimbia ghafla vifaranga wa pembezoni hubaki kwenye vidimbwi.

Sasa sikiliza hili. Kati ya 2003 na 2005, miezi ya Januari hadi Machi, wasimamizi waliyumbisha maji kwa nguvu makusudi ili wapunguze trauti. Huko chini, karibu na mto Little Colorado, kuna samaki wa asili mwenye nundu, chabu, ambaye watoto wake huliwa na trauti. Mayai mengi yalikufa kweli. Lakini vifaranga waliosalia walipata nafasi na chakula cha kutosha, wakapona kwa wingi kuliko kawaida, na pengo likazibika kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana unaona mayai yamekufa na samaki bado wapo.

Kwa hiyo mimi natazama chakula kabla ya mayai. Wadudu wengi wa majini hutaga kwenye mawe, pale pale ukingoni, jioni. Maji yakishuka usiku mayai yao yanakaushwa, na samaki wa kesho wanakosa riziki. Mwaka 2018 walianza kuacha maji chini na tulivu kila wikendi, Mei hadi Agosti, ili mayai ya wikendi yasianikwe juani katikati ya wiki. Hata lile furiko la makusudi la Machi 2008, saa 60 za maji mengi, liliwafaa trauti kupitia tumbo: changarawe ilisafishika, usubi wakaongezeka, na vifaranga wa mwaka ule wakapona kwa wingi.

Mkulima_Kirinyaga

Shikamoo Babu. Huku kwetu Kenya trauti wapo tangu walipoletwa mto Gura mwaka 1905. Sasa mto Thiba una bwawa la kumwagilia mpunga wa Mwea. Nianze kuangalia nini?

Babu_Kijito

Marahaba. Uliza kwanza maji yanachotwa kina gani. Ziwa Powell lilipopungua sana, mlango wa mitambo ukawa karibu na maji ya juu yenye joto. Mto ukapata joto, trauti wakadhoofika, maana maji ya joto hushika oksijeni kidogo, na mwaka 2022 watoto wa besi, samaki mla samaki wenzake, wakaonekana chini ya ukuta. Mwaka 2024 ikabidi wafungue mabomba ya chini zaidi kuupoza mto, hata kama maji hayo hayazalishi umeme.

Halafu pima joto mwenyewe chini ya bwawa, alfajiri na saa tisa alasiri, na juu ya bwawa pia ili ulinganishe. Alasiri ikigusa nyuzi 20, trauti wako taabuni. Simika kijiti chenye alama ukingoni uone maji yanashuka kiasi gani usiku, hasa wakati mashamba hayafunguliwi maji. Ukipata vipimo vya Februari na Machi, vilete hapa tuvisome pamoja.