Kiwanja cha mke na mume: jina moja au mawili?

Swali: Asalaam alaykum. Mke na mume wa Wete, Pemba, Zanzibar, wananunua kiwanja kwa milioni 20: mume anatoa 12, mke 8. Dalali anasema waandike jina la mume tu, kwani nyumba ni moja. Wakiandika yote mawili, mmoja akifa, mwengine atabaki na chote?

Jibu la 1: Waalaykum salaam. Dalali hatokuwepo siku ya mirathi. Umiliki wa pamoja usio na mafungu, ule wa sheria ya Kiingereza, humwachia chote aliyebaki. Faraidhi, yaani sheria ya mirathi ya Kiislamu, haiukubali, na hapo ndipo warithi hugombana. Majina mawili peke yake hayatoshi. Mkataba utaje hisa: mume 3/5, mke 2/5.

Piga hesabu. Mume amefariki, ana watoto, mke ni mmoja, kiwanja kimefika milioni 40. Za mke 16 si tarika, yaani si mali aliyoiacha marehemu. Zinazorithiwa ni 24 tu, baada ya maziko, madeni na wasia, na humo mke ana thumuni (1/8), milioni 3. Jumla 19. Jina likiwa la mume peke yake, na mke hana ushahidi, anaambulia thumuni ya 40: milioni 5.

Jibu la 2: Niongeze kuhusu talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara, haitumiki huku Zanzibar, basi msinakili mnayoyasoma mtandaoni. Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 inamruhusu Kadhi kugawa mali ya wanandoa palipo na mchango halisi. Kwa hiyo mke asimpe mume fedha mkononi. Apitishe benki, au muuzaji atoe risiti mbili. Risiti za saruji na za fundi nazo ziwekwe, kila moja kwa jina la aliyelipa.

Muulizaji: Ahsanteni. Na mume akitaka kumuongezea mke hisa baadaye?

Jibu la 1: Kwa hiba, yaani zawadi, angali mzima: anatamka, mke anakubali, anakabidhiwa. Akingoja maradhi ya mauti, hiba inahisabiwa wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie.

Jibu la 3: Mmesahau ardhi yenyewe. Kwa Sheria namba 12 ya 1992 ardhi ni ya umma. Kinachonunuliwa ni haki ya matumizi. Karatasi iliyoshuhudiwa na sheha, kiongozi wa mtaa, si hati; uhaulishaji, yaani kuhamisha haki hiyo kwa mwengine, lazima upite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Na hapo Pemba, kama pana mikarafuu au minazi, ulizeni miti ni ya nani kabla ya kulipa. Mwenye ardhi na mwenye miti huweza kuwa watu wawili.