MREJESHO: Pensheni na bima ya ukosefu wa ajira, California

Ndugu zangu, niliuliza hapa iwapo mtu wa miaka 63 aliyepunguzwa kazini California anaweza kulipwa bima ya ukosefu wa ajira huku akipokea pensheni na mafao ya uzeeni ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani). Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kutaja kila kipato kwenye maombi bila kuficha chochote. Mafao ya Social Security hayakupunguza hata senti ya bima, kama mlivyosema. Fedha za akaunti ya 401(k) (akiba ya kustaafu kupitia mwajiri), ambazo nilizihamishia moja kwa moja kwenye akaunti ya IRA (akiba binafsi ya kustaafu) bila kuzigusa, nazo hazikuhesabiwa.

Palipokwama ni kwenye pensheni ya kila mwezi. Wengine mlisema haikatwi kwenye malipo ya bima, na ni kweli kwa mfanyakazi aliyeichangia kutoka mshahara wake. Yangu iligharamiwa yote na mwajiri huyohuyo ambaye mishahara aliyonilipa ndiyo iliyotumika kukokotoa malipo yangu ya bima, kwa hiyo inakatwa dola kwa dola. Pensheni ya dola 650 kwa mwezi ni 150 kwa wiki, hivyo bima yangu ya dola 450 kwa wiki imebaki 300. Rufaa hukatwa ndani ya siku 30 tangu barua ya uamuzi itumwe, lakini sikukata, kwa kuwa hesabu ya ofisi ya bima ni sahihi.

Mwenye hali kama yangu aulize kwanza nani aliichangia pensheni yake, na aendelee kutafuta kazi kila wiki, kwani sharti hilo halimsamehi mstaafu.