Nina milioni 1.5: nichukue krenki yenye mita ya wati au pedeli? Naomba ushauri

Kijana wa Himo
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Moshi, naendesha baiskeli ya mbio mwaka wa tatu sasa. Septemba 2025 nilipanda basi hadi Kigali kuangalia mashindano ya dunia, na tangu nimwone bingwa Pogačar akipanda vile vilima kama anaenda dukani, sina amani.

Shida yangu iko hivi. Mlima wa kutoka Himo kwenda geti la Marangu huwa nauanza kwa mbwembwe. Nikifika Marangu Mtoni nimekwisha. Juzi kuna bibi mwenye mkungu wa ndizi kichwani karibu anipite, na alikuwa hana haraka. Mkanda wa mapigo ya moyo ninao, ila unachelewa. Mpaka mapigo yapande kwenye skrini miguu imeshaungua.

Naambiwa dawa ni mita ya wati, kifaa kinachopima nguvu unayokanyaga. Bajeti yangu haizidi 1.5M. Kuna jamaa Arusha anauza mkono wa kushoto wa krenki (kile chuma kinachoshika pedeli) wenye mita, wa Stages, umetumika, laki tano. Au nijibane nichukue pedeli zenye mita ndani, za Favero Assioma? Krenki yangu ni Shimano 105. Wenye uzoefu karibuni.

Spoki Tatu
Kabla hatujaongea hela, geuza krenki yako uangalie upande wa ndani, karibu na tundu la pedeli. Kuna namba imegongwa pale, ndiyo urefu wa mkono kwa milimita. Mwambie na huyo jamaa wa Arusha akutumie picha ya sehemu hiyohiyo. Halafu urudi hapa.

Babu Cheni
Mleta mada, nikueleze unachonunua ni nini hasa, maana wengi wanalipa bila kujua. Ndani kuna vihisi vidogo vimegandishwa kwenye chuma. Ukikanyaga, chuma kinapinda kidogo sana, jicho halioni. Kihisi kinasoma ule mpindo kinapata nguvu ya kuzungusha, mita inazidisha na kasi ya mzunguko, inakuja namba. Mjerumani Ulrich Schoberer alianza biashara hii na SRM mwaka 1986, na mpaka leo kanuni ni ileile. Kinachobadilika ni mahali kihisi kinapokaa: kwenye pedeli, kwenye mkono wa krenki, katikati ya krenki au kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma.

Sasa mkono wa kushoto peke yake unasoma mguu mmoja kisha unazidisha mara mbili. Mimi mguu wa kushoto ulivunjwa na bodaboda, na haukurudi sawasawa. Rafiki yangu ana mita ya miguu yote miwili, tukabadilishana baiskeli. Nikikanyaga wati 220 za kweli, kushoto kunatoa 99 tu. Mita yangu inazidisha, inaniambia 198. Hizo 22 zimeyeyuka hivihivi. Na ukichoka ule mgawanyo unahama, kwa hiyo hata kujumlisha kichwani hakusaidii.

Kama miguu yako haitofautiani sana, mguu mmoja unatosha. Usitishwe na watu wa mitandaoni.

Mzee wa Bagamoyo
Mnamtia kijana hasara. Mlima ni mizani ya bure! Pima uzito wako pamoja na baiskeli na maji. Tuseme kilo 78. Chukua sehemu ambayo unapanda mita 400 za kimo, pima muda. Dakika 25? Zidisha 78 kwa 9.81 kwa 400, gawanya kwa sekunde 1,500. Unapata wati 204, ongeza kidogo kwa ajili ya upepo na tairi. Hujatoa hata shilingi.

Sisi wa huku pwani ndio tungehitaji mita. Bagamoyo ni tambarare, adui ni upepo wa baharini. Kwenda kilomita 24 kwa saa unatapika, kurudi 38 unapiga mluzi.

Spoki Tatu
Mzee hesabu yako ni sahihi, tatizo anaipata akishafika juu. Yeye anataka kujua akiwa Himo, dakika ya pili, kwamba anajiua.

Kijana wa Himo
Nimeangalia. Yangu imeandikwa 170. Ya jamaa ni 172.5. Anasema milimita mbili na nusu si kitu.

Spoki Tatu
Kwake si kitu kwa sababu anauza. Achana nayo. Utaendesha na mkono wa kulia 170 na wa kushoto 172.5, maelfu ya mizunguko kila safari. Goti litakudai. Angekuwa na 170 ningekuambia chukua leo, kwa sababu kufunga ni kazi ya dakika kumi: kifuniko cha plastiki, kisha boliti mbili kwa Nm 12 hadi 14 (Nm ni kipimo cha kukaza), unakazia moja kidogo, nyingine kidogo, kwa kupokezana.

Nenda kwenye pedeli. Unazihamisha toka baiskeli moja kwenda nyingine, na krenki haikuhusu ni ya nani. Ila Assioma Uno nayo inasoma kushoto tu, yale ya Babu Cheni yako palepale. Duo ndiyo inasoma pande zote. Na zinatumia vibati vya kiatu (vile vinavyonasa kwenye pedeli) vya mtindo wa Look Keo, kwa hiyo kama umezoea vya Shimano, hesabu na hilo. Mwisho, zinagonga. Pedeli ndiyo inayofika chini kwanza ukianguka.

Dada Wati
Nakazia kwa Spoki. Nina Duo mwaka wa nne, betri unachaji kama simu, hamna kuhangaika na betri za vidonge. Haya ndiyo niliyojifunza kwa machozi:

Urefu wa krenki uandike kwenye programu. Ukiacha 172.5 wakati yako ni 170, kila namba inazidi kwa karibu asilimia 1.5. Utajiona bingwa bure.

Weka sifuri kila safari (yaani ifundishe mita kwamba hapo hakuna nguvu), baiskeli ikiwa imesimama na mguu hauko kwenye pedeli. Usiweke sifuri ukitoka tu nayo kwenye buti la gari lililoanikwa juani! Iache nje ipoe kwanza.

Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume. Fundi mmoja wa mtaani kwetu aliikaza kwa bomba akidhani anafungua.

Halafu fanya jaribio: dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzishika, chukua wastani, zidisha kwa 0.95. Hiyo ndiyo dari yako. Mlima mrefu unauanza chini ya hapo hata kama mwili unakubembeleza uongeze. Dakika tano za mwanzo zitakuchosha kwa uvivu, vumilia.

Mzee wa Bagamoyo
Na ukimaliza utakuwa kama Froome, mzaliwa wa Nairobi, Tour de France nne na sidhani kama aliyaona mandhari. Macho kwenye skrini tu.

Kijana wa Himo (miezi miwili baadaye)
Wakuu mrejesho. Shemeji alitoka Ujerumani, kanibebea Duo. Bajeti imepasuka, mke hajui, uzi huu usisambae.

Jaribio: wastani 231, dari 219. Nimecheki safari ya kwanza, ile niliyoendesha kwa mazoea: dakika tatu za mwanzo kutoka Himo nilikuwa naenda na 310! Jana nimeshika 205 hadi 210 mpaka getini bila kushuka. Marangu Mtoni nikamkuta yule bibi, nikapata hata pumzi ya kumwamkia shikamoo.

Swali: nikiwa karibu na geti, kwenye kibaridi cha msituni, miguu ni ileile ila namba zikawa kama zimeshuka. Ni mimi au ni mita?

Dada Wati
Sifuri uliiweka wapi?

Kijana wa Himo
Himo, kituo cha mafuta. Saa saba mchana.

Dada Wati
Juani?

Kijana wa Himo
…